Antena Moja, Skrini Nyingi: Runinga ya Moja kwa Moja Nyumbani Bila Kununua Bando

Nakala ya mazungumzo kwa wakazi, katika maelezo kuhusu matumizi ya teknolojia nyumbani



Saa moja jioni ni saa yenye shughuli katika nyumba nyingi. Taarifa ya habari ya Kiswahili inaanza. Nyanya anataka kusikia habari za mvua. Mtoto wa Gredi ya Nane ameambiwa na mwalimu atazame kipindi cha Sayansi. Kaka yake anangoja mpira unaoonyeshwa na stesheni ya bure. Runinga ni moja na rimoti ni moja. Baada ya dakika tano za mabishano, kaka anachukua simu, ananunua bando na kwenda kutazama mpira chumbani. Mtoto wa shule anaambiwa asubiri zamu yake. Zamu inapofika, kipindi kimekwisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipindi vyote vitatu vilikuwa vimeshafika juu ya paa la nyumba hiyo. Mawimbi ya stesheni za bure hayachagui, hupita juu ya kila boma mchana na usiku na hayakati bando la mtu yeyote. Kilichokosekana ni njia ya kuyaingiza ndani na kuyagawa kwa kila skrini iliyomo nyumbani.

Njia hiyo ipo, na haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Antena moja, kifaa kimoja cha kupokea mawimbi, kompyuta moja ya zamani na ruta ya kawaida hutosha kuifanya nyumba iwe na kituo chake kidogo cha kusambaza matangazo. Kompyuta hiyo huitwa seva ya nyumbani. Hupokea chaneli kutoka kwa antena na kuzituma kwa kompyuta nyingine, simu na runinga zilizounganishwa katika mtandao wa nyumba. Intaneti haitumiki hata kidogo katika kazi hiyo.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Shule zote nchini zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa COVID-19, masomo yaliletwa kupitia redio, intaneti na chaneli ya Edu ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Shule zilifunguliwa kwa wanafunzi wote Januari 2021. Katika miezi hiyo yote, nyumba yenye watoto watatu wa madarasa tofauti na runinga moja ilikuwa na tatizo ambalo hakuna mwalimu angeweza kulitatua kutoka mbali. Mtoto mmoja alisoma na wawili wakangoja.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalisababisha tarehe ya kufungua muhula wa pili kubadilishwa zaidi ya mara moja, hadi shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei. Mzazi aliyekosa tangazo moja alijikuta amelipa nauli ya mtoto kwenda katika shule iliyofungwa. Habari ya aina hiyo haipaswi kutegemea kama kuna bando kwenye simu au la.

Hesabu ya bando yenyewe ni rahisi. Chaneli ya ubora wa kawaida hutumia takriban megabiti 2 kwa sekunde. Kwa saa moja hiyo ni megabiti 7,200, sawa na megabaiti 900. Watu watatu wakitazama kupitia intaneti saa mbili kila mmoja kwa siku, wanatumia gigabaiti 5.4. Kwa mwezi wa siku 30 zinakuwa gigabaiti 162. Watu hao hao wakitazama kupitia seva ya nyumbani, hesabu ya intaneti ni sufuri. Na nyumba iliyolipia intaneti ya mwezi mzima nayo inanufaika, kwa sababu mtandao unabaki wazi kwa kazi za shule na za ofisi.

Wapo pia wale ambao ukubwa wa skrini na umbali wa kukaa si jambo dogo kwao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilivitaka vituo vya runinga kuweka mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi katika taarifa za habari na vipindi vya elimu. Mkalimani huyo huonekana katika kona ndogo ya skrini. Kiziwi anayekaa nyuma ya watu watano sebuleni anaona mikono yake kwa shida. Akiwa na kipakatalishi mapajani, na taarifa ile ile ikiingia humo, anafuata kila neno.

Wanafunzi wa Paris na dishi moja

Wazo la kupokea mara moja na kugawia wengi lina historia inayofaa kujulikana. Mwaka 1996, wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, nchini Ufaransa, walikuwa wakiendesha wenyewe mtandao wa kompyuta katika mabweni yao. Mtandao ulikuwa mzee na wa polepole, nao walitaka mpya, hasa kwa ajili ya kucheza michezo ya kompyuta. Walihitaji sababu nzuri zaidi ya michezo ili wapate wa kuwafadhili.

Sababu waliyoipata ni runinga. Badala ya kila chumba kuwa na dishi na king'amuzi chake, chuo kingeweka dishi moja, na picha zingepitishwa kwenye mtandao hadi kwenye kompyuta ya kila mwanafunzi. Waliandika programu mbili: moja ya seva, ya kutuma picha, na nyingine ya kompyuta inayopokea. Mradi wao waliuita VideoLAN, na ile programu ya upande wa kupokea ikaitwa VLC.

Mwaka 2001 chuo kilikubali programu hizo zitolewe bure kwa umma. Leo VLC, yenye alama ya koni ya barabarani ya rangi ya machungwa na nyeupe, imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 3. Vijana wengi wa kaunti wanayo tayari kwenye kompyuta zao na huitumia kutazama filamu, bila kujua kwamba iliundwa kwa kazi hii hasa inayozungumziwa leo.

Matatu na abiria wake

Ili kuelewa seva ya nyumbani inavyofanya kazi, inafaa kuelewa kwanza kilichomo ndani ya mawimbi. Wakati wa analojia, wimbi moja lilibeba chaneli moja tu. Kenya ilihamia dijitali mwaka 2015, mwaka ambao tarehe ya mwisho iliyokubaliwa kimataifa ilikuwa 17 Juni. Mfumo unaotumika nchini unaitwa DVB-T2. Katika mfumo huu, wimbi moja lenye upana wa megahezi 8 hubeba chaneli nyingi kwa pamoja. Mafundi huita mkusanyiko huo multipleksi.

Multipleksi inaweza kufananishwa na matatu. Zamani kila abiria alisafiri kwa gari lake. Sasa abiria kumi na zaidi wamo ndani ya matatu moja. King'amuzi cha kawaida hupanda matatu hiyo, humchukua abiria mmoja, humpeleka kwenye runinga, na kuwaacha wengine wote. Seva ya nyumbani hupanda matatu ile ile lakini inaweza kuwachukua abiria kadhaa kwa wakati mmoja na kumpeleka kila mmoja katika chumba tofauti.

Hii ndiyo sababu kipokezi kimoja tu kinaweza kumwonyesha nyanya habari na mtoto somo kwa wakati mmoja, mradi chaneli hizo mbili zimo katika multipleksi moja. Zikiwa katika multipleksi mbili tofauti, vipokezi viwili vinahitajika, kwa kuwa kipokezi kimoja hakiwezi kupanda matatu mbili kwa wakati mmoja. Kabla ya kununua, ni vyema mwenye nyumba afungue sehemu ya maelezo ya mawimbi kwenye king'amuzi chake na kuandika kila chaneli anayoipenda iko katika masafa gani. Chaneli zenye namba moja ya masafa zinasafiri pamoja. Karatasi hiyo moja humwokoa mtu asinunue vifaa asivyovihitaji.

Vifaa vinavyohitajika

Cha kwanza ni antena ya UHF iliyofungwa nje, juu, na kuelekezwa upande wa mnara. Namna rahisi ya kuujua upande huo ni kutazama antena za majirani zimeelekea wapi. Antena ya ndani ya nyumba yenye mabati mara nyingi huleta matatizo, kwa sababu bati huzuia mawimbi. Mlingoti usisimamishwe karibu na nyaya za stima, na katika maeneo ya radi waya wa antena uchomolewe mvua kubwa inapoanza.

Cha pili ni kipokezi. Kuna vya aina mbili. Aina moja ni kidogo kama flashi na huchomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Aina nyingine ni kisanduku kinachounganishwa moja kwa moja na ruta, mfano HDHomeRun. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Vipokezi vingi vya bei nafuu vimeandikwa DVB-T pekee, bila 2, na hivyo havinasi matangazo ya Kenya. Mnunuzi asome maandishi kwenye kisanduku mwenyewe na asitosheke na neno la muuzaji. Ni vyema pia ahakikishe kwamba kifaa kinatambuliwa na mfumo wa Linux, kwa kuwa ndio utakaotumika kwenye seva.

Cha tatu ni kompyuta ya kuwa seva. Si lazima iwe mpya. Picha zinazofika kutoka kwa antena zimeshabanwa na stesheni, kwa hiyo kazi ya seva ni kuzipokea na kuzipitisha jinsi zilivyo. Kompyuta ya mezani iliyoachwa kabatini au kipakatalishi chenye skrini iliyovunjika hufaa. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayotoshea kiganjani, inafaa pia.

Umeme ndio unaotofautisha vifaa hivyo. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 ikiwashwa usiku na mchana hula yuniti 43 kwa mwezi. Raspberry Pi inayotumia wati 5 hula chini ya yuniti 4. Anayenunua tokeni anaielewa tofauti hiyo bila kuelezwa zaidi. Asiye na budi kutumia kompyuta kubwa anaweza kuiwasha saa za kutazama tu.

Cha nne ni ruta. Ruta ya kawaida iliyopo nyumbani inatosha, hata kama haina laini ya intaneti. Hili huwashangaza wengi. Ruta hugawa mawasiliano kati ya vifaa vya nyumbani hata intaneti ikiwa imekatwa, kwa hiyo siku ambayo bando limekwisha runinga inaendelea kama kawaida.

Hatua za kuunganisha

Programu ya seva inayotumiwa na wengi kwa kazi hii ni Tvheadend. Ni ya bure na huendeshwa kwenye Linux. Ikishawekwa, mtumiaji huifungua kwa kivinjari cha kompyuta nyingine yoyote nyumbani, kwa kuandika anwani ya seva na namba 9981. Kwa mfano, seva ikiwa na anwani 192.168.1.10, anaandika http://192.168.1.10:9981.

Mara ya kwanza programu huuliza maswali kadhaa: lugha, jina la msimamizi na neno siri, vifaa vinavyoruhusiwa kuingia, kisha kipokezi kitumike kwa mtandao gani wa matangazo. Orodha ya masafa ya eneo isipokuwemo, masafa yaliyoandikwa kwenye ile karatasi huingizwa kwa mkono, mfumo ukiwa DVB-T2 na upana ukiwa megahezi 8. Seva hutafuta, na baada ya dakika chache huonyesha majina ya chaneli zilizopatikana. Chaneli zinazolindwa kwa malipo zinaweza kuonekana katika orodha lakini hazitafunguka.

Anwani ya seva isibadilike ovyo. Ruta inaweza kugawa anwani mpya kifaa kinapozimwa na kuwashwa, na seva ikihama anwani, skrini zote hupotea kwa pamoja. Ruta nyingi zina mahali pa kuiwekea seva anwani ya kudumu. Fundi aliyeiunganisha asiondoke kabla ya kufanya hivyo.

Baada ya hapo ni zamu ya skrini. Kwenye kompyuta yenye VLC, mtumiaji hufungua sehemu ya mkondo wa mtandao na kuandika anwani ile ile ikifuatwa na neno playlist: http://192.168.1.10:9981/playlist. Orodha ya chaneli hutokea, naye huchagua. Simu yenye VLC hufanya vivyo hivyo. Kwa runinga kuu ya sebuleni, programu ya Kodi huonyesha chaneli pamoja na ratiba ya vipindi, na hivyo ni rahisi zaidi kwa mtu mzima aliyezoea rimoti.

Seva pia inaweza kurekodi. Saa moja ya chaneli ya ubora wa kawaida ni kama gigabaiti 0.9, kwa hiyo diski ya gigabaiti 500 huhifadhi zaidi ya saa 500. Mama anayefanya kazi zamu ya usiku anaweza kuiagiza seva irekodi somo la mwanawe la asubuhi, kisha watazame pamoja Jumamosi.

Waya au Wi-Fi

Malalamiko mengi kuhusu picha kukwama hayatokani na seva wala antena bali na Wi-Fi. Seva iunganishwe na ruta kwa waya. Waya wa mtandao wa kawaida hupitisha megabiti 100 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na hiyo ni zaidi ya mahitaji ya nyumba nzima. Kompyuta isiyohamahama, kama ile ya chumba cha kusomea, nayo ipewe waya.

Wi-Fi iachiwe simu na vipakatalishi. Katika majengo ya ghorofa ambako kila mpangaji ana ruta yake, mawimbi hugongana, na picha inayopita sebuleni vizuri inaweza kukwama jikoni. Kuisogeza ruta katikati ya nyumba, mbali na kuta nene na bati, mara nyingi hutatua tatizo bila kununua chochote.

Ikiwa picha inakatika vipande vipande kwenye kila skrini kwa wakati mmoja, kosa liko upande wa antena. Ikiwa inakatika kwenye skrini moja tu, kosa liko katika mtandao wa ndani. Anayekumbuka kanuni hiyo humwita fundi sahihi na kulipa mara moja.

Mambo ambayo mfumo huu hauwezi

Matangazo yanayopitia seva huchelewa kwa sekunde kadhaa. Jirani mwenye king'amuzi cha kawaida atapiga kelele za bao kabla mpira haujafika golini kwenye kipakatalishi cha mwenye seva. Kwa habari na masomo hilo halina neno. Kwa mechi ya fainali, huenda sebuleni ndiko mahali pazuri zaidi.

Stima ikipotea, seva na ruta huzimika pamoja. Kuzimika ghafla mara nyingi huharibu faili za seva. Betri ndogo ya akiba au mfumo mdogo wa sola unaotosha ruta na Raspberry Pi huondoa tatizo hilo, kwa sababu vifaa hivyo viwili hutumia umeme mdogo kuliko balbu nyingi za zamani.

Na mahali ambapo mawimbi ya mnara hayafiki, seva haiwezi kuyaumba. Wakazi wa mabonde yaliyofichwa na vilima wajaribu kwanza kwa king'amuzi na antena nzuri. Kama hakuna picha hapo, hakutakuwa na picha kwenye seva.

Mwisho wa ua ndio mwisho wa ruhusa

Sehemu hii inahitaji umakini kuliko zote, kwa kuwa kosa lake halirekebishwi kwa kubadilisha waya.

Kupokea stesheni ya bure na kuitazama katika vyumba vya nyumba moja ni matumizi ya nyumbani. Kuituma kwa majirani kwa malipo ya shilingi chache kwa wiki ni biashara ya kusambaza matangazo. Kazi hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano. Vipindi vyenyewe navyo vina wenyewe, na haki zao zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Kijana mwenye ujuzi anaweza kuona fursa ya biashara katika ploti yenye wapangaji ishirini. Ushauri wa bure kwake ni kwamba apate leseni kwanza au auze ujuzi: amfungie kila mpangaji mfumo wake na kulipwa kwa kazi ya ufundi.

Kurekodi somo ili kulitazama baadaye nyumbani ni jambo moja. Kulinakili kwenye flashi na kuliuza sokoni ni jambo jingine. Vilevile programu au kadi zinazodaiwa kufungua chaneli za kulipia bila malipo ni za kuepukwa. Mbali na kuwa kinyume cha sheria, nyingi huja na virusi vinavyoiba maneno siri ya watu.

Shule, maktaba au kituo cha vijana kinachotaka kuonyesha matangazo kwa watu wengi kisichukulie kwamba ruhusa ya nyumbani inakitosha. Wasimamizi waulize Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, kabla ya kuanza, na majibu wayahifadhi kwa maandishi.

Kuna na ulinzi wa nyumba yenyewe. Seva ipewe neno siri ambalo si jina la mtoto wala 1234. Wi-Fi ya nyumba nayo iwe na neno siri lake. Na mlango wa seva usifunguliwe kwa intaneti ya nje ili eti mtu atazame akiwa safarini. Mlango uliofunguliwa kwa mwenye nyumba umefunguliwa pia kwa wageni wasiojulikana, ambao hupitia seva kufikia picha, barua na taarifa za benki zilizomo kwenye kompyuta nyingine.

Pa kuanzia

Anayetaka kujaribu si lazima anunue kila kitu kwa siku moja. Njia ya busara ni kuanza na kipokezi kimoja cha DVB-T2 na kompyuta iliyopo, na kutazama chaneli kwenye kompyuta hiyo hiyo kwanza. Ikionekana vizuri, antena na kipokezi vimefaulu mtihani. Hatua ya pili ni kuweka programu ya seva na kuongeza skrini moja. Hatua ya tatu ni kuongeza nyingine. Kila hatua ikifanya kazi kabla ya kwenda kwa inayofuata, hakuna pesa itakayopotea gizani.

Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanaosomea kompyuta wanaweza kuuchukua huu kuwa mradi wa likizo. Ndani yake mna somo la mawimbi, la mitandao, la Linux na la usalama, na mwisho wake unaonekana kwa macho ya familia nzima. Wanafunzi wa Paris walianza hivyo hivyo.

Jioni moja katika nyumba iliyotajwa mwanzo inaweza basi kuwa tofauti. Saa moja kamili, nyanya yuko sebuleni na taarifa ya habari. Kaka yuko chumbani na mpira wake, sekunde chache nyuma ya jirani. Mezani jikoni, kando ya sufuria ya chai, mtoto wa Gredi ya Nane ana kipakatalishi cha zamani na daftari wazi. Mwalimu wa Sayansi anaanza kueleza, na safari hii mtoto hajaambiwa angoje.